Ukoka Umelala, Binti Yangu Anataka Kuung'oa

Mpendwa Bi. Ozella,

Nimeisoma safu yako ya bustani tangu nilipokuwa bado nafundisha biolojia, wala sikuwahi kukuandikia kwa sababu nilijiona najua, lakini sasa naomba unisaidie, maana nimeshindwa kumshawishi mtu mmoja tu, naye ni binti yangu.

Mimi ni mgane mwenye moyo mbovu, nalala sebuleni kwenye kitanda cha hospitali walichokiweka kando ya dirisha la mbele, na kutoka hapo ninachokiona ni uwanja wangu wa ukoka, ambao kama viwanja vyote vya hapa Georgia mwezi wa Februari una rangi ya boksi. Ni ukoka wa tandu, ule unaotambaa kama mdudu mwenyewe. Mama yangu hakuwa na ukoka kabisa, uwanja wake ulikuwa mchanga mtupu aliokuwa akiufagia kila Jumamosi, na jani likichomoza alilichukulia kama tusi. Mimi na marehemu mke wangu Ernestine ndio tuliotaka kijani, tukachagua huu kwa sababu hauoni tabu na udongo wetu wa kichanga, haudai mbolea nyingi, wala hauvamii maua kama ule wa Bermuda.

Jocelyn, binti yangu, ameishi Ohio miaka mingi, ambako nyasi zao ni za baridi na hubaki kijani chini ya theluji. Aliposhuka tu kwenye gari aliuliza, "Baba, nani kaunguza uwanja?" Nikamwambia haujaungua, umelala mpaka baridi iishe. Akasema, "Baba, hata Mama walisema amelala."

Jirani yetu, Shemasi Hollis, alikuja na sufuria ya mboga na mkate wa mahindi, akajaribu kunisaidia. "Binti, ukiung'oa huo utakuwa unazika mtu anayekoroma."

Jocelyn akamrudishia, "Na wewe Shemasi, hicho kichwa chako kimekauka tangu lini? Bado unangoja nywele zichipue?"

Tulicheka mpaka nikaishiwa pumzi. Lakini Jocelyn ameshaita mafundi, wanakuja Jumatatu kuuchimbua wote na kutandika Bermuda, ili, anavyosema yeye, Baba afumbue macho aone kijani. Mimi namwambia ngoja Mei, mwanangu, naye anasema haya, basi Mei nitakushika mkono tutoke nje tuutazame, na hapo ndipo ninaponyamaza, kwa sababu daktari aliniambia kabla Jocelyn hajafika kwamba Mei nisiitegemee, na sijamwambia, kila nikifungua mdomo nilitoe jambo hilo, linatoka la ukoka. Nakiri kwamba nagombania uwanja ambao sitaukanyaga tena. Je, nimwachie aung'oe apate la kufanya, au nikatae? Na nikikataa, nitamthibitishiaje kwamba u hai?

Mwalimu wa Dirishani

*

Mwalimu,

Pole kwa maradhi, na pole kwa Ernestine. Sasa nisikilize. Ukoka using'olewe.

Bermuda unataka jua la kutwa na kukatwa kwa mashine kila wiki. Kuna nani hapo wa kuusukumia mashine? Na ukitandikwa sasa, barafu moja ya Machi itaumaliza. Jocelyn asimwage pia mbegu za nyasi za baridi juu yake, wengi hufanya hivyo wapate kijani cha haraka, kisha nyasi hizo humnyang'anya tandu maji na mwanga wakati ule ule anapoamka. Mbolea hakuna mpaka uwanja wote uwe kijani. Asubuhi yenye barafu, mtu asiukanyage. Majani ya miti yaliyorundikana juu yake ayaondoe, na mvua ikikosekana aunyweshe kidogo. Basi.

Lakini wewe nakushangaa. Umefundisha biolojia maisha yako yote, halafu mwanafunzi wako wa nyumbani unampa neno tupu badala ya jaribio! Mpe Jocelyn koleo. Akate kipande cha ukubwa wa sahani pamoja na udongo wake, na kingine kutoka penye kivuli, aviweke kwenye mabakuli dirishani kwako, penye joto na jua, awe anavinyunyizia maji. Kilicho hai kitachipua baada ya wiki chache, na kijani utakiona ukiwa kitandani. Kisipochipua, pale kilipotoka pazibwe kwa vipande vya ukoka mzima joto likisharudi. Hiyo ndiyo kazi ya mikono anayoitafuta.

Usingoje kichipue ndipo useme, hata hivyo. Huyo mtoto haogopi ukoka. Alishaambiwa mama yake amelala, akaona mwenyewe maana yake, na sasa anakusikia wewe ukilirudia neno hilo hilo kila siku. Mwambie leo, akiingia na udongo mikononi, kabla hajanawa. Mwambie daktari alisema nini, useme "nitakufa", kisha unyamaze umwache alie. Mafundi awapigie simu yeye mwenyewe baada ya hapo, awaambie wasije.

Neno kulala uliachie ukoka.

Bi. Ozella