Kengele ya Wifi Avis

Nyumba ya Mpea,
Combe Sallow,
Somerset, Uingereza.

Jumapili, tarehe 16 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Nesta,

Salamu nyingi zivuke bahari hadi huko Saskatchewan, zikukute mzima pamoja na shemeji Arvid. Goti lako linaendeleaje? Na theluji imekwisha kuyeyuka, au bado mnaikanyaga mpaka mwezi huu wa sita? Sisi huku hatujambo. Mimi nakohoa kidogo asubuhi, lakini hilo unalijua, maana tulilala kitanda kimoja miaka yote ya utoto. Mgongo wa mume wangu Roland unamuuma kila inapofika siku ya kukata ua wa miti, na unapona kila Clive Tottle anapofungua baa.

Tulipoongea kwenye simu siku ya Pasaka uliniuliza kama kaka Hedley bado anasema atauza nyumba aende kukaa kwa mwanawe Swindon. Nilikujibu kwa mkato kwa sababu mwenyewe alikuwa ameketi pale pale jikoni kwangu, anakoroga chai ambayo hakutia hata sukari. Leo hayupo, nami nina nafasi, basi nitakueleza yote. Lakini kwanza habari za kijiji, maana nikikunyima utanuna.

Basi la Jumanne limepunguzwa. Sasa linakuja Jumanne moja na kuruka nyingine. Shida ni kwamba hakuna anayekumbuka zamu ni ya Jumanne ipi, kwa hiyo tunakwenda kituoni wiki zote. Zile ambazo basi haliji ndizo tunazopiga soga vizuri zaidi, na tunarudi nyumbani tumeridhika kama tuliotoka safari.

Lile shimo lililo barabarani mbele ya baa hatimaye limezibwa. Tuliandika na kuandika, tukajibiwa kwamba shimo letu halijawa na kina cha kutosha. Clive akaona isiwe taabu, akamwaga udongo na mbolea, akapanda maua ya rangi ya chungwa katikati ya njia. Wenye barabara walikuja mbio wiki ile ile. Maua wameyahamishia mlangoni pa baa, na Clive anatembea kifua mbele.

Kibanda cha simu, kile tulichokigeuza cha kuazimana vitabu, mtu anaacha humo vichwa vya letusi. Juu ya rafu, kati ya vitabu vya mapenzi na vya mauaji. Kuna tangazo kwenye ubao wa kijiji linalomwomba aache. Namshuku Roland, kwa sababu alipanda letusi za kulisha jeshi, na kila nikimuuliza anaanza kuongea habari za mvua.

Sasa tuje kwa kaka.

Tangu tulipomzika wifi Avis mwezi wa Novemba, Hedley hakukanyaga tena mnara wa kanisa. Wewe unajua maana yake. Mtu aliyepiga kengele kubwa tangu akiwa na nywele, mkewe pembeni yake kwenye kamba ya kengele ya pili, wakigombana mpaka wanaposhika kamba na kuendelea kugombana wakiziachia. Siku ya mazishi alipanda mwenyewe akazifunga kengele zote sita zile ngozi za msiba, upande mmoja wa ulimi ili kila mvuto wa pili ulie kwa kuzibwa, akashuka, akapiga, akafunga mlango wa mnara, akatia ufunguo mfukoni. Ndiyo ikawa mwisho. Krismasi ikapita kimya. Pasaka ikapita kimya. Hakuna aliyethubutu kumwomba ule ufunguo, hata Kasisi Philippa, mwanamke ambaye anahudumia makanisa matano na haogopi ng'ombe dume.

Nilijaribu kwa pai ya nyama. Roland akajaribu kwa pombe ya tufaha. Tukaambulia jibu moja tu: "Mikono imechoka." Mikono gani? Wiki hiyo hiyo alikuwa amepasua kuni za majirani watatu. Alichoka kwingine, Nesta, na mimi nilikuwa naogopa. Wakala wa nyumba alikwisha kuja kupima vyumba. Nilimwona kaka amesimama uani wakati yule kijana anapima, ameshika kofia yake mbele kwa mikono miwili, mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikamfokea Roland bila sababu.

Mwezi wa tatu Bryony, mjukuu wa kaka, akatangaza harusi. Akamwendea babu yake, akamwomba ampigie kengele. Akamjibu atakuja kanisani, atakaa kiti cha mbele, atavaa suti, lakini mnarani hapandi. Bryony akatoka analia. Mimi nikaenda ubaoni nikabandika tangazo: "Anahitajika mtu wa kushika kamba ya kengele. Uzoefu si lazima. Uvumilivu ni lazima. Chai ipo."

Waliojitokeza ni mmoja. Kaa chini kabla hujasoma. Ni Bi Lorna Haddow, yule daktari wa meno aliyestaafu akatoka London, ambaye mwaka wake wa kwanza hapa aliandika kwenye jarida la kijiji kwamba kengele zetu zinamwamsha Jumapili na aliuliza kama haziwezi kupunguzwa sauti. Nilimuuliza mlangoni, sikujizuia.

"Wewe si ndiye uliyetaka tuzipunguze sauti?"

"Ndiye mimi," akasema. "Avis aliniletea keki. Akaniambia, 'Utazizoea, na usipozizoea, njoo uzipige wewe.' Nimezizoea, Muriel. Sasa ni miezi mitano kila Jumapili kimya ndicho kinachoniamsha."

Nikamvuta ndani. Tangu siku hiyo nilimwona kwa jicho jingine, ingawa bado hajui kupika keki.

Kwa kuwa ufunguo wa mnara wetu ulikuwa mfukoni mwa kaka, Bi Haddow alifundishwa katika kijiji cha ng'ambo ya mto, kwa mzee Gullick, ambaye pia alikubali kuja siku ya harusi kushika kamba ya kengele kubwa badala ya Hedley. Ikawa tumekamilika: Gullick, Bi Haddow kwenye kamba ya Avis, Clive, Roland, na wale mapacha wa Pocock ambao bado siwezi kuwatofautisha. Asubuhi ya harusi Hedley akamkabidhi Clive ufunguo.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona. Wapigaji husimama kwenye chumba cha kamba, chini ya kengele. Kule juu zinakoning'inia kengele zenyewe hawapandi bila sababu. Na kupanda juu kufunga na kufungua zile ngozi ilikuwa kazi ya Hedley siku zote.

Ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe 8, saa nane mchana. Jua limewaka, fikiria, Somerset, jua! Watu wamejaa uwanjani mwa kanisa na kofia zao, mimi na ile ya bluu unayoisema vibaya. Hedley amesimama peke yake karibu na kaburi la Avis, suti imembana tumbo, anatazama viatu. Bibi harusi alikuwa njiani kwenye trekta la baba mkwe, limepambwa riboni. Kengele zikaanza.

Mvuto wa kwanza zikalia zote, wazi, tamu, watu wakatabasamu. Mvuto wa pili zikajibu kwa mbali, zimezibwa, kama mtu anayelia ndani ya mto wa kitandani. Kisha wazi tena. Kisha ule mlio wa msiba tena. Kila mtu pale uwanjani ana umri wa kutosha kuujua mlio ule. Mara ya mwisho tuliusikia tukiwa tumesimama pale pale, tumevaa nyeusi. Wanaume wakavua kofia bila kufikiri. Mama wa Bryony akaketi juu ya kaburi la watu.

Nikamtazama kaka. Nilidhani ataanguka. Nilikuwa nimekwisha kuanza kumkimbilia, na kofia ikaniruka. Alikuwa mweupe. Halafu akawa mwekundu. Mdogo wangu, ule wekundu sikuwa nimeuona tangu mwaka ule mbuzi wa Pocock alipokula maharage yake.

"Nani huyo mpumbavu," akanguruma, na kijiji kizima kikasikia, "anampigia mjukuu wangu kengele za maiti?"

Akapita katikati ya watu kama maji ya ndoo iliyomwagwa. Mimi nyuma yake. Akausukuma mlango wa mnara, akapanda ngazi zile za mawe huku anatukana, namshukuru Mungu Kasisi alikuwa amebaki chini. Mle ndani wote sita walikuwa wamekwisha kuachia kamba, wanatazamana. Bi Haddow alidhani ni yeye amekosea, machozi yanamlengalenga.

"Ngozi ziko juu!" Hedley akawakia. "Zimeachwa juu! Ni kazi ya mtoto mdogo, kuangalia ngozi! Nani alikuwa na dhamana?"

Roland akajifanya anakagua ukuta. Clive ndiye aliyepata ujasiri, na mpaka leo nampa kinywaji kwa sababu hiyo.

"Wewe, Hedley," akasema taratibu. "Uliufunga mlango Novemba. Ufunguo ulikuwa kwako."

Nesta, niliona neno lile likimwingia. Akasimama ameshika nguzo ya ngazi. Sikujua kama atalia au atampiga Clive. Kule nje nikasikia trekta linafika, na sauti ya mtu ikimpigia dereva kelele: "Zunguka bwawa! Zungukeni tena! Bado!"

"Basi tokeni njiani," kaka akasema.

Akavua koti, akanitupia mimi, na akaikwea ile ngazi ya mbao hadi kwenye kengele, na umri ule na tumbo lile. Tulisikia mbao zikilalamika. Tulimsikia akiongea na mtu huko juu, ingawa alikuwa peke yake, maneno hatukuyapata. Trekta lilizunguka bwawa mara ya pili na ya tatu, na Bryony, wameniambia baadaye, alikuwa akiwapungia bata mkono. Mwishowe akashuka ana vumbi na kinyesi cha njiwa begani, ngozi zimetuna kwenye mifuko ya suruali. Akamwendea mzee Gullick.

"Ahsante kwa kuja," akamwambia. "Nipe kamba yangu."

Gullick naye hakubisha. Kaka akashika kamba, akamgeukia Bi Haddow. "Na wewe, mama, vidole gumba ndani. Mguu wa kushoto mbele. Avis alikuwa na haraka, usimwige. Mnifuate mimi."

Wakapiga. Nilishuka nikasimama kwenye jua na koti la kaka kifuani, nikalia mbele za watu wote, wala sioni haya kukuandikia. Bryony alishuka kwenye trekta akaangalia juu mnarani, akajua ni nani. Unamjua mtu kwa mpigo wake.

Lakini mimi na wewe tulikua chini ya kengele hizo, na masikio yangu bado mazima. Zililia zote wazi, mvuto wa kwanza na wa pili, isipokuwa moja. Kengele ya pili, ya Avis. Mvuto mmoja wazi, mvuto mwingine ikanong'ona. Katikati ya furaha yote ile, anarudi yeye, kidogo, na kupotea tena.

Clive alinitania kwenye chakula cha harusi kwamba macho ya Hedley yamezeeka, amesahau moja. Kaka alipokaa mezani nilimrudishia koti, naye akalijaza zile ngozi zilizokuwa zikimbana kwenye suruali. Ulipofika wakati wa kucheza akanipa koti nimshikie, nikapapasa mifuko. Zilikuwa tano. Nikamwinamia.

"Kaka, umebakiza moja."

Hakunitazama. "Muriel," akasema, "kula keki yako."

Jumatatu wakala wa nyumba alikuja, akarudishwa langoni. Jumanne, tukisubiri basi ambalo halikuja, tukaona karatasi mpya ubaoni kwa mwandiko wake mkubwa: "Mazoezi ya kengele, Alhamisi, saa moja na nusu jioni. Atakayechelewa abaki kwake." Bi Haddow alifika nusu saa kabla. Na kaka sasa anatia sukari kwenye chai, vijiko viwili, na kulalamika kwamba kikombe ni kidogo.

Basi swali lako nimelijibu. Haendi Swindon.

Nisalimie sana Arvid, na mwanao Ingrid na watoto wake, uwaambie watoto bibi yao wa huku bado anafuma soksi zao, polepole. Roland anakusalimu na anauliza kama huko kwenu watu hula letusi. Kaka hakutuma neno, lakini nilipomwambia nakuandikia alisimama kidogo akasema, "Mwambie zinapigwa." Mungu akutunze wewe na goti lako, na atukutanishe tukiwa bado tunaweza kupanda ngazi.

Ninamalizia barua hii asubuhi, dirisha liko wazi, nao wameanza. Nimeacha kalamu mara mbili kusikiliza. Ile ya pili bado inanong'ona, na hapa kijijini hakuna tena anayesema amesahau.

Dada yako akupendaye siku zote,
Muriel