Ua Lisilotaka Mbolea

Fungurume

Mama yangu mpenzi,

Pokea salaam za mwanao Zaina. Je, magoti yamepoa? Mvua imeshafika Kasongo? Mimi na baba Amina tu wazima, alhamdulillahi, ila lori lake linalala gereji zaidi kuliko njiani.

Huku kuna vilima visivyo na mti hata mmoja, vipara katikati ya msitu. Shaba iliyo chini ndiyo inayofukuza miti. Lakini juu yake huota maua ya zambarau ambayo, wasemavyo wenyeji, hayapatikani kwingine. Tangu nihamie huku, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokipenda.

Sasa kilima cha karibu nasi kinachimbwa. Nilipoona tingatinga zinapanda, roho iliniuma. Nikang'oa miche, nikaipanda uani kwenye udongo mweusi na samadi ya mbuzi, kama ulivyonifunza. Jirani yangu Mama Ngalula, Mkasai aliyezaliwa hapa hapa, alicheka mpaka akashika kiuno. Ua yeye huliita fulele.

"Zaina, ile fulele haipende udongo muzuri! Ilizobelea shaba tangu zamani. Utaiua na mbolea yako."

Nikamjibu hakuna mmea unaokataa mbolea ya mama yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: miche yote ikaoza. Nililia, mama, wala sikujificha.

Tukarudi kilimani sisi wawili na mabeseni, tukachukua maua pamoja na udongo wake, ule wenye vijiwe vya kijani. Mlinzi akatusimamisha. Siku hizi serikali imeamuru kila mtu aitwe sitwayeni, yaani raia, hata sisi wa mabeseni kichwani.

"Basitwayeni, munaiba shaba?"

"Tunabeba fulele, tata," akasema Mama Ngalula. "Shaba mubakie nayo."

Akacheka, akatuachia.

Yalichanua uani, kisha kiangazi kikayakausha yote, nikajua yamekwisha. Kilima nacho kimeliwa, limebaki shimo. Lakini mvua za kwanza zimenyesha, na leo asubuhi nimekuta miche midogo ambayo sikuipanda mimi. Maua yamejipanda yenyewe! Nimemwita Mama Ngalula kwa kelele, akadhani nyumba inaungua.

Nisalimie kaka, fundi wetu wa cherehani, na shangazi muuza mawese, na bibi umbusu mikono.

Mbegu usiniombe, mama. Udongo wako utazishibisha zife. Panda treni uje uyaone hapa. Kilimani hayapo tena, yako kwa mwanao.

Akupendaye,
Zaina