Mgonjwa wa Alhamisi

Mdogo wangu Håvard,

Huku mjini Molde theluji imeanza kuyeyuka, na mwanangu Mille hataki kuvua sweta ya bibi yake. Wauguzi wenzake Mama bado wanatuletea keki, lakini tangu mazishi yake kuna jambo linanikereketa.

Unakumbuka kila Alhamisi Mama alivuka kwa feri, akisema anakwenda kumwona mgonjwa? Alishastaafu, mgonjwa gani huyo? Juzi nikambana shoga yake, Bi Gunvor.

"Mama alikuwa na mwanamume?"

"Mwache marehemu apumzike, mwanangu."

"Kumbe alikuwa naye."

"Alikuwa naye. Na wewe unamjua."

Ni Baba, Håvard. Yule aliyetuacha wewe ukiwa bado unatambaa. Amepooza, mke wake wa pili kamkimbia, yuko kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya maji, feri inakofika. Mama alikuwa akimnyoa na kumlisha, na sisi hakutuambia neno, maana alijua tungemkataza.

Alhamisi nilivuka nimefura kwa hasira, na maneno ya miaka yote hiyo mdomoni. Nikamkuta ndevu zimemea, macho mlangoni.

"Torbjørg yuko wapi?" akauliza, akimtaja Mama kwa jina.

"Amefariki."

Alilia kimya kimya. Kisha akanitazama kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye nesi mpya?"

Nikamwambia ndiyo, nikamnyoa ndevu, nikamlisha supu yake. Wiki ijayo nitakwenda tena, usinilaumu.

Ila hadi sasa nashuku kwamba alinijua.

Dada yako anayekukumbuka,
Ingunn