Redio ya Gari la Mzee Salim

Shamba la Mkonge,
Karibu na Salaita.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Najua hupenda kusoma barua umesimama mlangoni kabla hata hujavua kofia, lakini hii nakuomba uisome umekaa. Kifua cha Mama kinaendeleaje na baridi ya Mbololo? Na mahindi ya kule chini, yamepata mvua au nyani wamekwisha kuyamaliza? Mimi mwilini sijambo. Chakula kipo, na chumbani naishi na msichana wa Chala anayefanya kazi jikoni. Ni mcheshi sana, ananisemea mimi nikiona haya.

Baba, katika barua iliyopita nilikuandikia kwamba Mzee Salim ana tabia ya kuzima redio ya gari. Kama ulimsomea mtu barua ile, tafadhali rudi kwake umwambie si kweli. Hakuizima hata siku moja. Kosa lilikuwa langu.

Wewe mwenyewe ndiye uliyeshuka Voi kumwomba anitafutie kazi nilipomaliza shule. Naye akamwambia meneja, "Huyu ni mwanangu," wala hakusema ni mtoto wa rafiki. Kwa neno lake nikapewa kiti cha ofisini, niite magari kwa redio koli. Meneja alinionyesha mara moja tu: "Ukibonyeza kitufe hiki, unasema. Ukiachia, unasikia. Huwezi kusema na kusikia pamoja. Umeelewa?" Nikasema ndiyo. Unanijua Baba, hata nisingeelewa ningesema ndiyo.

Gari la Mzee Salim ndilo hupeleka maji kwa wakataji wa mkonge na kubeba wagonjwa, kwa hivyo ndilo linaloitwa kuliko yote. Nalo ndilo lililonisumbua tangu mwanzo. Naita, kimya. Naita tena, kimya. Mara nyingine nanasa kipande tu, "...anangu," halafu redio inabaki kukoroma. Akirudi ananiambia, "Mwanangu, mimi nakusikia kama uko hapa kando yangu. Wewe ndiye hunisikii. Mashine yenu ya ofisini ina walakini."

Fundi akaletwa kutoka Voi. Akakaza nyaya za betri, akasugua kutu pale antena iliposhikana na paa la gari, akabadilisha waya wote. Kisha akaketi kwenye kiti changu akaita, "Gari, uko wapi? Ova." Mzee Salim akajibu papo hapo, sauti safi. Fundi akafunga sanduku lake akasema, "Mashine haina ugonjwa. Labda mgonjwa ni dereva." Watu wakacheka. Kesho yake nilipoketi mimi, yakarudi yale yale.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema mzee anazima redio akapate usingizi kivulini, wengine wakasema ana mke mwingine Taveta. Asubuhi moja, watu wakigawiwa kazi uwanjani, meneja akaniuliza mbele yao wote, "Wakesho, ukimwita huyu mzee anaitika?"

"Haitiki," nikasema nikitazama chini.

"Kila siku?"

"Siku nyingi."

Halafu mkataji mmoja akajikata mguu kwa panga kule mwisho wa shamba. Mtu alikuja mbio ofisini, nami nikaita gari hadi machozi yakanitoka. Hakuna jibu. Yule mtu akaletwa kwa trekta, polepole, damu ikimtoka njia nzima. Amepona, Mungu ashukuriwe. Lakini Mzee Salim alipoulizwa alikuwa wapi, alisema, "Nilisikia mtoto akinisalimu. Habari ya mgonjwa, wallahi, sikuisikia." Watu wakamzomea. Meneja akamnyang'anya ufunguo, akampeleka kuanika nyuzi za mkonge juani pamoja na vibarua, akamwambia mwisho wa mwezi aende kwake Voi.

Gari likapewa Mwadime, kijana wa Mwatate anayependa mzaha. Na redio ikapona! "We Mwadime, uko wapi? Ova." "Niko moyoni mwako, ofisi. Ova." Haikukatika tena. Kila mtu akasema, si mmeona sasa? Mimi pia nikasema. Ndiyo siku niliyokuandikia ile barua.

Ijumaa nilikutana na Mzee Salim kwenye bomba la maji. Nilitaka kujificha nyuma ya tangi, lakini alikwisha kuniona, akanyoosha mkono. Mikono yake imechubuka kwa zile nyuzi. Nikampa mkono nikasema, "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu. Mzee wangu wa Mbololo hajambo?" Akaendelea kukuulizia wewe, na Mama, na mvua, nami nimeshika mkono wake nikingoja yeye aachie kwanza, kama ulivyotufundisha, kwamba mtoto hauachii mkono wa mtu mzima. Ndipo nikaona kidole changu cha gumba, jinsi kilivyokaza juu ya mkono wake. 

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikikishika kile kitufe. Mwadime na madereva wengine nawarushia neno naachia, ni vijana kama mimi. Lakini Mzee Salim nilikuwa nikimwambia shikamoo na kungoja aitikie, kidole kimebana, kwa sababu kuachia kabla hajaitikia niliona ni kumkosea adabu. Na habari sikuwa nikiitoa, maana habari haitolewi kabla ya salamu kuitikiwa. Alikuwa akinijibu, na mimi ndiye niliyemziba. Hata siku ya yule aliyekatwa na panga.

Nilibeba ndoo yangu nikaenda zangu, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwamba nilijua na nikamwacha arudi kwenye nyuzi.

Jumamosi asubuhi watu walipokusanyika nilikwenda mbele. Nikasema, "Meneja, Mzee Salim hakuzima redio. Mimi ndiye sikuwa nikiachia kitufe."

"Sema kwa sauti!" mtu akapiga kelele nyuma. Nikasema tena, kwa sauti, na sababu yake nikaieleza.

Mwadime akashika kichwa. "Kumbe ulikuwa ukimkaba mzee wa watu kwa heshima!" Walicheka sana. Meneja hakucheka. Alimpa Mzee Salim ufunguo, akamwambia aendeshe mpaka mwisho wa shamba, kisha akasimama nyuma ya kiti changu. Nikabonyeza. "Gari, shikamoo Mzee. Ova." Kuachia kulikuwa kama kuutupa mkono wake. Nikaachia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia. Ova."

Sasa amerudishiwa gari. Lakini nasikia habari za kufukuzwa kwake zilikwisha kufika Voi, na mkewe, yule Mama Fatuma anayeuza mahamri karibu na stesheni, ameambiwa mumewe ni mvivu. Baba, nakuomba ushuke siku ya soko, umpelekee mkungu wa ndizi zetu, umweleze mbele ya majirani zake kwamba ni binti yako aliyekosea. Ningekwenda mwenyewe, lakini sina likizo.

Nisalimie Mama, umwambie nakunywa maji yaliyochemshwa. Msalimie Bibi, na mdogo wangu Mghoi asiyetaka kuchunga mbuzi. Mwambie kazi yoyote ina lawama zake.

Nilipomwomba radhi Mzee Salim, nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Nikamwuliza tu siku zote zile, nilipokuwa nikimsalimu na kusikia kimya, yeye alikuwa akisema nini. Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kila mara."

Ni mimi binti yako,
Wakesho.