Ukumbi wa Majengo Haukuwa Wako

Kaka Menas,

Shangazi kanifikishia salamu zako. Unataka kuja Songea tumjengee baba kaburi, na mambo ya ukumbi tuyaache. Siyaachi.

Umesahau ulivyojengwa? Baba aliwaalika majirani waje kusaidia kazi, mama akapika pombe ya komoni ya kutosha, na watu wa Majengo wakaja kufyatua tofali. Baba akaahidi mbele yao: aliyekanyaga udongo hapa haulizwi tiketi, yeye wala watoto wake. Ndiyo maana Jumapili baada ya misa, dansi la bugi likianza, hata vikongwe walipita mlangoni kifua mbele. Wewe jukwaani na gitaa lako jekundu, unapiga roki mpaka mabati yanatetemeka, mimi nyuma naitikia. Nilikupenda sana, Kaka. Shuleni nilitamba kwamba mpiga gitaa yule ni kaka yangu.

Kisha biashara ikaachiwa huru, mitumba ikajaa mjini, kila mwenye lori akawa anatafuta ghala. Baba kalazwa hospitali, wewe ukamwuzia mmoja wao ukumbi. Nilipokuuliza ukanifokea, "We mtoto, nani siku hizi anataka bendi? Watu wana kaseti!" Ukapanda basi la Dar, ukatuachia sisi aibu yako.

Hukumwona Mzee Longinus, jirani aliyechoma zile tofali, alipokuja kukaa barazani kwetu. Hakugombana. Alimwuliza baba tu, "Ndugu yangu, kumbe ulitudanganya?" Tangu hapo baba akawa anakwenda kanisani kwa njia ya nyuma, asipite Majengo, yeye aliyekuwa akisalimiwa kila kona. Wewe ndiye uliyemfanya ajifiche mjini kwake mwenyewe, na sitakusamehe kwa sababu tu umezeeka na unajisikia mpweke.

Unaniita mwenye roho mbaya. Sawa, ninayo.

Lakini lijue hili. Alipokuwa anakata roho, baba hakuuliza kama umekuja kumwona. Aliuliza, "Menas ameshakwenda kwa Longinus kuomba radhi?" Nikamwambia ndiyo, amekwenda, na nyumba zote za waliojenga amezimaliza. Akashukuru Mungu, akafumba macho.

Huo uongo niliusema kwa niaba yako. Ukishuka stendi, nenda kaufanye uwe kweli, nyumba kwa nyumba. Kabla ya hapo, kaburini usikanyage.

Ni mimi mdogo wako, maana hilo sina namna ya kulikataa.