Ndoo ya Furaha

Dada Zuhura,

Shikamoo kutoka Buffalo, ambako theluji imepanda hadi madirishani.

Unamkumbuka Furaha, niliyekaa naye kwenye nyumba ile ya tiba ya maji? Kila asubuhi mimi ndiye niliyemmwagia maji baridi miguuni, naye akanimwagia mimi. Nimetoka huko Columbus kuja kwake hapa nikiamini kazi hiyo bado ni yangu. Kumbe Espe, mgonjwa mwenzetu wa zamani, amehama Louisville na sasa anaishi naye. Leo asubuhi nimewakuta bafuni na ndoo yao, wanacheka. Nikanyoosha mkono.

"Bon, weye kaa tu," Furaha akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Mgeni hashike ndoo."

Mgeni, mimi! Na huyo Espe anamwaga ovyo, anaanzia magotini badala ya vifundoni. Furaha alipogeuka na kufumba macho, nikamnyang'anya Espe ndoo, nikamwaga taratibu kama tulivyofundishwa. Furaha akatabasamu bila kufumbua macho.

"Njo vile, Espe," akasema, yaani ndivyo hivyo. "Leo umejua."

Chai yao ni nzuri, lakini ninakunywa nikiwa nimenuna. Nibusie wanao. Nakupenda kuliko hawa wote wawili.

Mdogo wako,
Rehema