Usishangae Nikimwita Kaka

Juba Na Bari, Juba
Jumapili mchana

Kwako dada Nekesa,

Habari ya huko Kimilili? Mtoto ameacha kukohoa? Na goti la Mama linasemaje na hii mvua yenu? Mimi niko mzima, ni joto tu linanichemsha kama muhogo, lakini nakula na nalala. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako kila mtu anaishika, na haya maneno Mama akiyasoma kabla yako, nimekwisha. Dereva wa lori anayerudi Eldoret ndiye amekubali kuibeba.

Bado nasuka nywele kwa Mama Jane, yule Mganda. Lakini siku hizi nimeongezewa kazi. Ile michezo ya Kikorea ya mapenzi niliyokuwa naangalia kwa simu, sasa tunaiweka kwa tivi ya saluni kila Jumamosi, na mimi ndiye natafsiri. Nasuka huku naongea. Maandishi ya Kizungu yanapita chini, nayakimbiza kwa Kiswahili, na Kikorea chenyewe kidogo nimeshika, nilijifunza nikirudia maneno mbele ya kioo mpaka Mama Jane akaniuliza kama nimerogwa. Wanawake wanajaa, hata wasiosuka.

Sasa Lado. Ni yule fundi wa jenereta niliyekwambia kwa simu, aliyekulia Uganda na kurudi kwao huku. Ndiye anatuwekea mafuta jenereta isizime katikati ya mapenzi ya watu. Mwezi uliopita alinipeleka Mangateen kwa shangazi yake aliyemlea. Dada, nilivaa ile gauni ya buluu. Nilipaka mafuta mpaka visigino. Tukafika, shangazi akaniangalia, akauliza, "Huyu ni nani?" Lado akajibu, "Huyu ni sista yangu."

Sista. Halafu akaomba sukari ya chai yake. Nikacheka na shangazi, nikaosha vikombe, nikarudi nyumbani, na kutoka siku hiyo Lado akinisalimia namjibu kama mtu wa benki. Akiniuliza, "Kwani shida iko wapi?" nasema hakuna kitu. Nilikuwa nimeamua kumwacha. Nilikuwa namsubiri tu aulize vizuri, nikatae vizuri.

Basi jana Jumamosi mchezo ukafika pale ambapo kila mtu alikuwa anapangojea. Mvua inanyesha, kijana anaondoka, msichana anakimbia nyuma yake bila mwavuli. Anaita, "Opa." Sasa opa ni neno msichana anamwita kaka yake mkubwa. Mimi kwa haraka zangu nikatafsiri, "Kaka, usiende." Kijana akageuka, akamfunika na mwavuli, akambusu.

Saluni ikalipuka.

"Si umesema ni kaka yake?" Mama Jane akauliza, kitana kikabaki hewani.

"Ni kaka, lakini si kaka."

"Kaka wa baba mmoja?"

"Hapana, Mama Jane. Huko kwao mpenzi pia wanamwita hivyo. Ni heshima na ni mapenzi, yote kwa neno moja."

"Heshima gani hiyo ya mdomoni," akasema mteja mmoja, Keji, mama wa hapa hapa mtaani ambaye hapitwi na sehemu hata moja. "Zima. Hapana, usizime, tuone kama mama yao atawapata."

Tulicheka mpaka nikasuka mstari mmoja ukapinda kama barabara ya Nimule. Halafu maneno yakageuka, kila mtu akaanza kusema bwana yake anamwita nani. Mama Jane akasema wake humwita "wewe" tu. Siku moja alimwita kwa jina, akajua hapo hapo kuna mtu amekufa kwao. Keji akasema yeye wake humwita mama ya fulani, na hajui kama anakumbuka jina lenyewe. Kidogo yule kijana wa tivi akamshika msichana mkono na kumvuta aingie garini, nami nikasema hapa ndipo anaonyesha mapenzi. Keji akasema, "Anamvuta kama mbuzi wa sokoni. Mtu anivute hivyo hapa Juba, nalia mwizi." Na ni kweli, Dada. Nimeangalia hiyo michezo muda wote huu na sikuwahi kufikiria kama mkono wa msichana unauma.

Kumbe Lado alikuwa mlangoni na jerikani yake, amesikia yote. Wateja walipotoka akanifuata nje kwa jenereta.

"Hao nasema kaka na hakuna mtu nakasirika," akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi nasema sista, wewe nanuna mwezi mzima."

Sikujua aibu yangu niiweke wapi. Nikamwambia, "Yule alimwita kaka halafu akambusu. Wewe uliniita sista halafu ukaomba sukari."

Hakucheka. Akasema, "Sikiza. Mimi nasema wewe ni mpenzi yangu mbele ya shangazi, yeye nauliza baba ya huyu msichana iko wapi, nani alitumwa kwake. Mimi bado hajaenda kwa baba yako. Wewe nakuwa msichana ya bure tu. Lakini nikisema sista, kalas, imeisha, hakuna mtu nagusa wewe. Hata mimi."

Nimelala na hayo maneno. Kwa ile michezo watu ni wawili tu. Mvua inawanyeshea wao, taa ya barabarani inawaka kwa ajili yao. Hakuna shangazi anayehitaji kuambiwa vizuri, na mama mkwe akitokea ni wa kufukuzwa tu. Na wakikosana, hakuna anayeuliza, wananuna mpaka karibu na mwisho. Hapo nilijiona mimi, ila bila mwavuli. Lakini sikumwachia hivyo hivyo. Nilimwambia siku nyingine akitaka kunifanya dada yake, aniambie tukiwa njiani, sio mbele ya kikombe cha chai. Akasema, "Tamam," yaani sawa. Ndiyo, tumeelewana.

Sasa hapa ndipo nakuhitaji. Desemba tunakuja wote wawili. Anataka kumwona Baba, aseme kwa mdomo wake. Lakini siwezi kuingia pale nyumbani na kusema huyu ni mpenzi wangu, unamjua Baba. Kwa hivyo nitasema ni kaka mmoja anayenisaidia huku. Kaka, hivyo hivyo. Usicheke, na usiniangalie usoni, ukiniangalia nitaharibu. Mpe kiti kile kizima, na umshike Mama asimuulize ana wake wangapi kabla Baba hajamsikiza.

Nisalimie shemeji, baba wa mtoto wetu. Nisalimie shangazi Nasimiyu na maneno yake mengi, usimwambie kitu. Nyanya mwambie ile leso nimeinunua. Mtoto umbusu hata kama ana makamasi.

Chai ya Lado iwekee sukari nyingi, ndivyo wanakunywa huku, lakini ugenini mwenyewe hataomba. Atasema tu, "Asante sista." Hapo uitike, Dada. Wewe ndiye sista wake wa kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Nafula